Mayai ya rangi, kabalagala, mikate ya msalaba au mipira ya odii: Pasaka hii uchague kipi na watoto?

Shughuli nyingi za Pasaka zinazosemwa ni za watoto huishia mikononi mwa mama. Mtoto anapewa mwiko akoroge mara mbili, anaambiwa akae mbali na sigiri, na baada ya saa nzima anaitwa kuja kula. Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na utamu. Unaanza na kazi: katika hatua zote, ngapi anazifanya mtoto mwenyewe? Baada ya hapo ndipo unakuja moto, muda na mvua. Mvua lazima ihesabiwe, maana Pasaka ya Wakatoliki na Waanglikana huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, na kipindi hicho hapa Uganda, Kampala, Masaka na Jinja, ni majira ya mvua. Mwaka 2026 ni Aprili 5. Mwaka 2027 ni Machi 28.

| Kitu | Umri | Kazi ya mtoto | Moto | Muda |
|---|---|---|---|---|
| Mayai ya kuchemsha yenye rangi | 3 na zaidi | nusu | wa mtu mzima | saa 2 hadi usiku kucha |
| Maganda matupu ya kupamba | 6 na zaidi | karibu yote | hakuna | saa 1, na siku 1 ya kukauka |
| Kabalagala za maumbo (ndizi na unga wa muhogo, za kukaangwa) | 4 na zaidi | zaidi ya nusu | mafuta ya moto, wa mtu mzima | saa 1 |
| Mikate ya msalaba | 6 na zaidi | theluthi | oveni au sigiri | saa 3 hadi 4 |
| Viota vya chokoleti | 5 na zaidi | nusu | maji ya moto tu | dakika 40, na friji |
| Mipira ya odii (rojo la karanga na ufuta) | 3 na zaidi | yote | hakuna | dakika 30 |

Yai: kulichemsha au kulipuliza?

Kabla ya rangi, chagua yai. Trei ya dukani huwa na mayai ya kahawia ya kuku wa kisasa. Kuku wa kienyeji hutaga mayai madogo, mengi yakiwa na ganda la rangi ya maziwa au jeupe kabisa. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu rangi za mimea hazifuniki ganda kama rangi ya ukuta; ganda linaonekana chini yake. Manjano, ile bizari ya njano, kwenye yai jeupe inang'aa, kwenye la kahawia inakuwa dhahabu iliyokoza. Kabichi nyekundu kwenye jeupe inatoa bluu, kwenye la kahawia inaelekea kijani. Yai la kienyeji ni ghali zaidi, kwa hivyo kama watoto ni wengi nunua ya kienyeji kumi kwa ajili ya manjano na kabichi, na yale ya trei uyaweke kwenye maganda ya vitunguu, ambako yanapendeza kuliko hata meupe.

Nunua siku tano hadi saba kabla. Yai lililotagwa jana humenyeka vibaya: ute wake unang'ang'ania ile ngozi nyembamba ya ndani, na mtoto anabaki na yai lenye mashimo. Ila usizidishe. Yai likielea kwenye bakuli la maji, limekaa mno.

Kuchemsha: panga mayai safu moja kwenye sufuria, yasipandane, mimina maji baridi yayafunike kwa sentimita mbili, kisha injika. Kutumbukiza yai lililotoka kwenye friji katika maji yanayochemka ndiko kunakolipasua. Maji yakianza kuchemka, punguza moto na uanze kuhesabu. Vitabu vingi vya mapishi huandika dakika 10, lakini vimeandikwa na watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, iliyo karibu na mita 2,000, ni chini zaidi. Hesabu dakika 12 Kampala na 14 Kabale. Zikitimia, toa mayai uyatie kwenye maji baridi palepale. Ukiyaacha yapoe kwenye maji yake ya moto, kiini kinapata ule mzunguko wa kijani. Si sumu, lakini mtoto ataukataa.

Sasa rangi. Vipimo vyote hapa ni vya lita moja ya maji, na kijiko ni cha chakula.

Maganda ya vitunguu ndiyo rangi ya kuanzia, kwa sababu haikosei. Chukua maganda makavu ya vitunguu vyekundu 12 au zaidi, chemsha nusu saa, chuja, tia vijiko 3 vya siki, kisha pikia mayai mabichi humo humo. Yanaiva na kushika rangi kwa pamoja: kutu, kahawia nyekundu, hadi damu ya mzee ukiyaacha yalale kwenye maji hayo ndani ya friji. Maganda yenyewe usiyanunue. Muuza vitunguu wa soko la Nakasero au Kalerwe huyafagia kila jioni. Mwombe akujazie mfuko.

Manjano: vijiko 3 vya unga, chemsha dakika 15, siki vijiko 3, loweka mayai yaliyokwisha kuiva kwa nusu saa hadi saa mbili. Unga hutuama chini, na yai lililolala bila kugeuzwa hutoka na upande mmoja wenye mabaka, kwa hiyo mpe mtoto kazi ya kuyageuza kila dakika kumi. Mvalishe fulana kuukuu. Manjano ikishika nguo haitoki, na chombo cha plastiki nacho utakuwa umekiaga.

Kabichi nyekundu ndiyo yenye maajabu. Nusu kichwa, karibu gramu 500, katakata, chemsha nusu saa, chuja, acha ipoe kabisa, tia siki vijiko 3, loweka usiku kucha ndani ya friji. Maji ni ya zambarau lakini yai linatoka bluu. Rangi ya kabichi hubadilika kufuatana na uchachu wa kinachoiguza, na ganda la yai ni aina ya chokaa. Mtoto wa darasa la nne anaweza kujaribu mwenyewe: maji hayo kwenye kikombe kimoja atie ndimu, kwenye kingine magadi, aone nyekundu na kijani.

Biti hukatisha tamaa. Ukipikia yai humo kama ulivyofanya kwa vitunguu, waridi inageuka kuwa kahawia. Isage kwenye mbuzi ya jikoni ikiwa mbichi, ikamue kwenye maji ya baridi, tia siki, loweka saa tatu ndani ya friji. Rosela nayo huwashangaza watu, maana juisi yake ni nyekundu kama damu lakini yai linatoka kijivu cha bluu, na rangi inabambuka ukiligusa. Rosela ni chachu tayari. Usiitie siki, na usilaze yai humo usiku kucha, itakula ganda.

Siki inafanya nini hasa? Inalainisha uso wa ganda kidogo sana ili rangi ipate pa kushika. Ndiyo maana ukiizidisha unaona vipovu vinapanda juu ya yai, ganda linakuwa kama msasa, na rangi inatoka kwa vidole. Vijiko vitatu kwa lita vinatosha.

Pambo zuri kuliko yote halihitaji ufundi wala kununua kitu. Chukua jani dogo lenye umbo, la dania au la karoti, lilowanishe, lilaze juu ya yai bichi na kulibonyeza kwa kidole mpaka kila ncha ilale. Kata kipande cha stokingi ya zamani, vuta kwa nguvu kuzunguka yai hadi jani lisiweze kusogea, funga nyuma kwa uzi. Pikia kwenye maganda ya vitunguu. Ukifungua, jani limeacha kivuli chake cha rangi ya ganda katikati ya kahawia, mpaka mishipa inaonekana. Likitoka na ukungu, stokingi ililegea. Vidole vya mtoto wa miaka minne vinaweza kulaza jani. Kuvuta na kufunga ni kazi ya mkubwa wake.

Kuchora kwa kreyoni au mshumaa pia kunafaa, lakini kwa rangi za baridi tu, yaani biti na kabichi iliyopoa. Kwenye maji ya moto nta inayeyuka na mchoro unapotea, kisha mtoto analia.

Mayai yakikauka, yapake tone la mafuta ya kupikia kwa kitambaa. Yanang'aa.

Upande wa pili ni ganda tupu. Toboa shimo la sindano kwenye ncha, na shimo la milimita nne au tano kwenye kitako. Ingiza kijiti cha meno uvuruge kiini, kisha sukuma hewa kupitia shimo dogo. Usimwachie mtoto kupuliza kwa mdomo, kwa sababu ganda la nje linaweza kuwa na vijidudu vya salmonela. Tumia bomba la sindano jipya lisilo na sindano, la mililita 5 au 10. Likikataa kutoka, kiini hakijapasuka vizuri. Suuza ndani kwa maji ya sabuni, kisha kwa maji safi, simamisha shimo kubwa likiwa chini hadi kesho yake.

Hapa ndipo ganda tupu linapolishinda la kuchemsha kwa gharama. Mayai sita yaliyopulizwa ni bakuli la mayai yaliyokwisha kupigwa: chapati tatu, nyanya, kitunguu, kabichi kidogo, na kifungua kinywa cha rolex, yaani chapati iliyoviringwa na mayai, kiko tayari. Unabaki na maganda sita ya kupaka rangi ya maji, kubandika karatasi, kutia uzi na kuning'iniza dirishani, na yatakaa mpaka Pasaka ijayo. Ila mayai hayo yapikwe palepale, yasisubiri jioni.

Kwa watoto chini ya miaka sita, chemsha. Ganda tupu kwenye kiganja cha mtoto wa miaka mitatu halimalizi dakika mbili.

Madonge matatu: kabalagala, mandazi, mikate ya msalaba

Watu huchagua kati ya haya matatu kwa ladha. Ukiwa na watoto, chagua kwa kuangalia donge linafanya nini baada ya kukatwa umbo.

Donge la ngano lina mnato unaovutika. Mtoto akikata samaki kwenye donge la mandazi, samaki anajivuta na kuwa mfupi. Akiingia kwenye mafuta anavimba na mkia unamezwa. Kinachotoka ni mto wa kulalia. Donge lenye hamira ya kuumuka ndiyo kabisa, kila umbo linakuwa duara. Unga wa muhogo hauna mnato wa namna hiyo. Umbo linabaki kama lilivyokatwa, na ndiyo maana kwa mchezo wa maumbo kabalagala inawapita wenzake kwa mbali, hata kama kwa kawaida tunaijua ikiwa duara tu.

Vipimo: ndizi ndogo tamu, zile za ndiizi, 12 hadi 15, zilizoiva mpaka ganda lina madoa meusi. Menya, ponda kwa mikono hadi pasiwe na kipande. Upate karibu vikombe 2 vya rojo. Tia chumvi kidogo na robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea. Ongeza unga wa muhogo, anza na vikombe 2, kisha kijiko baada ya kijiko hadi donge liache kunata mkononi. Usitie maji hata tone. Wengine hutia pilipili ya unga. Kwa watoto iache. Sukuma hadi unene wa nusu sentimita juu ya meza iliyonyunyizwa unga. Mdomo wa glasi unakata duara, kopo la maziwa lililobanwa kidogo linakata umbo la yai, kisu butu kinakata samaki na msalaba. Kifaranga kata mviringo mkubwa na mdogo, kisha ubonyeze viungane vizuri, la sivyo kichwa kitaogelea peke yake kwenye karai.

Mafuta yawe na moto wa wastani. Dondosha kipande: kikizama, kikapanda polepole kwa vipovu vidogo, anza. Kikipanda mbio na kuwa cheusi, ondoa makaa mawili matatu. Sukari ya ndizi huungua upesi, na kabalagala nyingi mbovu ni nyeusi nje, mbichi ndani kwa sababu hiyo moja. Dakika tatu hadi nne, ukizigeuza.

Zinazotoka ngumu kama kokoto zilitiwa unga mwingi. Zinazopasuka pembeni zilitengenezwa kwa ndizi ambazo hazijaiva. Na watoto wasilambe donge: unga mbichi wa muhogo si wa kula.

Kazi yote kabla ya mafuta ni ya mtoto. Kuponda ndizi kwa mikono peke yake kunawashughulisha nusu saa. Chora mstari kwa chaki sakafuni, mita moja kutoka kwenye sigiri, na mstari huo usivukwe.

Mikate ya msalaba ni desturi ya Waingereza ya Ijumaa Kuu: mikate midogo ya viungo yenye msalaba juu. Inapendeza, inanukia nyumba nzima, na ndiyo inayomchosha mtoto kuliko vyote, kwa sababu saa mbili kati ya nne ni za kusubiri. Iweke kwa nyumba yenye watoto wa miaka sita kwenda juu, yenye mtu aliyezoea kuoka.

Kwa mikate 12: unga wa ngano gramu 500, hamira ya chenga vijiko 2 vya chai, sukari gramu 75, chumvi kijiko 1 cha chai, mdalasini kijiko 1 cha chai, siagi au majarini gramu 50, yai 1, maziwa ya uvuguvugu mililita 250, zabibu kavu gramu 100. Kanda dakika 10 hadi 12, funika, acha liumuke hadi liwe mara mbili. Siku ya jua saa moja, siku ya mvua hata saa mbili. Gawa, viringa, panga ziguse kidogo, acha dakika 40. Msalaba ni unga gramu 75 na maji vijiko vya chakula 5, uji mzito. Utie kwenye mfuko wa maziwa uliooshwa, kata kona ndogo, na hapa mwite mtoto: kuchora misalaba 12 ndiyo sehemu yake. Oveni nyuzi 190, dakika 20. Zikitoka, pakaa maji ya sukari zikiwa bado moto.

Bila oveni, tumia sufuria kubwa yenye mchanga wa sentimita tatu chini, ifunike, ipashe dakika 15, weka bati la mikate ndani, rudisha kifuniko na upange makaa juu yake. Dakika 25 hadi 30. Usiweke makaa mengi chini. Tako linaungua kabla ya juu kupata rangi.

Makosa yanayorudiwa ni manne. Maziwa ya moto huua hamira: chovya kidole, kama huwezi kukiacha humo ukahesabu hadi kumi, subiri. Unga wa kuoka keki ambao tayari umechanganywa na cha kuumulia haufai hapa, soma pakiti. Mdalasini ukizidishwa huzubaisha hamira, kwa hiyo mwenye kupenda harufu kali aongeze kwenye maji ya sukari ya mwisho. Na uji wa msalaba ukiwa mwepesi unateleza pembeni, na unapata mikate yenye mawingu.

Ikiwa mmoja tu utapikwa, pika kabalagala. Mandazi yapike siku yoyote nyingine.

Chokoleti au odii

Mayai ya chokoleti ya madukani ni mambo ya nchi baridi. Siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34, na kiganja cha mtoto kina joto kama hilo. Ni kichekesho kidogo, kwa sababu kakao yenyewe inalimwa hapa hapa, hasa Bundibugyo, inasafirishwa nje, kisha inarudi ikiwa sungura aliyefungwa karatasi ya kung'aa. Tena sungura wa hadithi zetu ni mjanja wa kuiba karanga shambani. Hajawahi kusingiziwa kutaga.

Ukitaka viota vya chokoleti hata hivyo: chokoleti gramu 200 iliyokatwa vipande, bakuli juu ya sufuria ya maji yanayofuka, bakuli lisiguse maji, na sufuria iwe imeshaondolewa motoni. Koroga, mimina kwenye konfleksi vikombe 3, gawa kwenye vikombe vya karatasi, bonyeza katikati kwa kijiko. Tone moja la maji likiingia, chokoleti inajishika na kuwa kama mchanga wenye unyevu. Hairudi ilivyokuwa. Iokoe kwa kuongeza maziwa ya moto kijiko kwa kijiko hadi iwe mchuzi, umwagie mandazi. Chokoleti halisi iliyoyeyushwa ovyo huganda ikiwa laini na kupata vumbi jeupe. Ile ya bei nafuu, iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao, inaganda bila usumbufu, na kwa kazi hii ndiyo bora ingawa ladha yake ni duni. Bila friji, au umeme ukikatika, yote haya usiyaanze.

Odii haihitaji friji wala moto. Ni rojo la karanga na simsim, yaani ufuta, zilizokaangwa na kusagwa, linalopikwa sana kaskazini, Gulu na Kitgum, na linapatikana pia masoko ya Kampala. Chukua kikombe 1 cha odii, koroga kwanza mafuta yaliyoelea juu yarudi ndani, tia asali nusu kikombe na maziwa ya unga kikombe 1. Changanya kwa mkono. Likinata, ongeza maziwa ya unga. Likivunjika, tone la asali. Kila mtoto achukue kijiko cha chakula, aviringe yai, aligaragaze kwenye simsim iliyokaangwa. Unapata 20 hadi 24. Kwenye kopo lenye kifuniko hukaa siku nne.

Tahadhari nne, na si za kupuuza. Asali asipewe mtoto ambaye hajafikisha mwaka. Karanga nzima zisitumike kupamba kama kuna walio chini ya miaka mitano, zinapalia. Na uulize wazazi wa watoto wageni kama kuna anayedhurika na karanga au simsim. Odii yenye uchungu au harufu ya ukungu itupwe, maana karanga zilizooza hubeba sumu ya kuvu isiyoisha hata kwa kukaanga.

Kwa mtoto wa miaka mitatu hakuna kinachoshinda hii katika orodha nzima. Kazi yote ni yake, na kosa lake baya zaidi ni yai lenye pembe.

Ya kuota, ya kusuka, ya kucheza

Maganda yaliyovunjika vizuri, nusu ya chini, usiyatupe. Toboa tundu kitakoni, jaza udongo, nyunyiza ulezi au mtama, funika kwa udongo mwembamba, lowesha kwa vidole. Anza siku 10 kabla ya Pasaka ili Jumapili kuwe na nywele za kijani juu ya uso uliochorwa. Tumia nafaka ya kula kutoka sokoni. Mbegu za duka la kilimo mara nyingi zimepakwa dawa, zile zenye rangi ya waridi, na si za vidole vya watoto. Zikilala chini zikiwa nyeupe, zilikosa mwanga. Zikioza, maji yalizidi.

Kikapu cha nyuzi za mgomba, yaani ebyayi, ni cha miaka minane kwenda juu. Lowesha magamba makavu kwa dakika kumi, yakunje kwenye kitambaa, pasua vipande vya sentimita mbili, vuka na kupisha kuzunguka kikombe kilichogeuzwa. Yasipoloweshwa yanakatika kila mkunjo. Yakifungiwa kwenye mfuko yakiwa na maji, kesho yana ukungu. Msalaba wa jani lililobaki Jumapili ya Matawi ni wa haraka zaidi, dakika tano, ila kwa Wakatoliki jani lililobarikiwa halitupwi takatakani. Mabaki yake wekeni.

Michezo: kusaka mayai, kuyaviringisha mteremkoni, au kuyagonganisha. Mvua ikinyesha, miwili ya kwanza inakufa. Kugonganisha kunabaki, na hakutaki zaidi ya meza. Ni mchezo wa Waorthodoksi, ambao hupaka mayai yao rangi nyekundu. Wa hapa, wenye kanisa kuu lao Namungoona, Pasaka yao ya 2026 ni Aprili 12, wiki moja baadaye. Wawili wanashika mayai ya kuchemsha, mmoja anagonga ncha ya mwenzake kwa ncha ya lake, lisilopasuka linaendelea na mpinzani mwingine. Shika yai lote kwenye ngumi, ncha tu ichungulie, na upande uliochongoka ndio utangulie. Kitako kina mfuko wa hewa ndani, kinapasuka upesi. Watoto hugundua siri hiyo baada ya raundi mbili.

Kusaka mayai kuna kanuni moja ya afya: yai la kuchemsha lililokaa nje zaidi ya saa mbili lisiliwe. Kwa hiyo ficha maganda matupu, au, kama hakuna aliye chini ya miaka mitano wala anayedhurika na karanga, karanga za kukaanga zilizosokotwa kwenye vipande vya gazeti, na mayai ya kula yabaki mezani. Wadogo wafichiwe chini ya kiwango cha magoti yao, wakubwa juu ya mabega, kila kundi na rangi yake ili mkubwa asimalize yote. Andika ulivyoficha, idadi na mahali, kabla ya kusema anzeni. Yai moja lililosahaulika nyuma ya kochi litajitangaza lenyewe Alhamisi.